Mlango wa Uani, Barabara ya Tisa

Mimi sina ulimi wa kuomba radhi, na kama watu wa Chumbageni wasingenichokoza, haya yote yasingenifika. Walikuja kumposa binti yangu Sabiha. Wakakaa juu ya mkeka wangu, wakala halua yangu, wakanywa kahawa yangu, kisha shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye pua ya kunusanusa mambo ya watu, akaniuliza kwa adabu zake zote upande wa mama yangu mzazi ni watu wa wapi. Nikamwambia mama yangu alikufa siku chache baada ya kunizaa. Akasema pole, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini marehemu naye si ana kwao. Wakaaga, wakasema jibu watalifuata baada ya mfungo.

Nilinyamaza, na mtu yeyote wa Nguvumali atakwambia Mboni si wa kunyamaza. Ila jibu sikuwa nalo. Nilizaliwa mwaka ule Mwingereza aliposhuka Ras Kazone na Mjerumani akamrudisha majini kwa risasi, mji ukakimbilia mashambani. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mjerumani alimchukua bara akashone nguo za askari, na aliporudi akanipeleka Pangani kwa dada yake, halafu yale mafua makubwa yaliyofuata vita yakamwondoa. Shangazi ndiye aliyenilea. Habari za mama yangu hakuwa nazo, ila maneno machache aliyoachiwa na baba: mtoto huyu kanyonyeshwa na Bi Kidawa, Mdigo wa Moa, katika nyumba ya Mwinyijuma, Barabara ya Nane, mle mle mama yake alimofia. Hayo ndiyo yaliyokuwa urithi wangu, jina la mnyonyeshaji na jina la barabara.

Ilinichoma bwana. Usiku ule ule nikaapa nitamtafuta mama yangu mpaka nimpate, kisha niende Chumbageni nikamwagie yule shangazi ukoo mzima mapajani.

Mume wangu Msafiri alicheka. Aliniambia ukoo wangu ni mdomo wangu, na kila mtu anaujua. Msafiri ni mtu wa karakana ya reli, mpole, mikono haimtoki grisi hata aoshe kwa mchanga. Na ana matege ambayo sijaona mfano wake; magoti yake yamegombana tangu utotoni na hayajapatana mpaka leo. Kila akirudi kazini namwambia kutoka jikoni, funga miguu, mbuzi wasipite. Hiyo ndiyo salamu yetu tangu ndoa ikiwa changa, na siku akiingia asiisikie, huuliza kama kuna msiba.

Mavyaa wangu, Bi Asmahani, mama yake Msafiri, hakucheka. Yeye alikuwa akikaa nasi chumba cha ndani, miguu imeshamkataa, lakini macho na masikio alikuwa nayo yote na huruma ya ziada hakuwa nayo. Ndiye aliyekuja Pangani kuniposa nilipokuwa kigori, akiniulizia nyumba kwa nyumba mpaka akanipata, na siku zote niliamini alinitaka kwa kuwa yatima hana kaka wa kuja kumtetea. Aliposikia natafuta habari za mama yangu alisema neno moja tu, waliokufa waache wapumzike. Nikasema moyoni, ni rahisi kwako, mama yako unajua alipozikwa.

Basi nikaanza na miguu. Barabara ya Nane pale Ngamiani niliipita mlango kwa mlango, hodi na shikamoo, shikamoo na hodi. Kila mzee alikuwa na Mwinyijuma wake. Mmoja alikuwa na Mwinyijuma muuza tambuu, mwingine na Mwinyijuma wa chuo cha Kurani, bibi mmoja alikuwa na Mwinyijuma aliyemposa akakataliwa na baba yake, na hadithi hiyo ilikula asubuhi yangu nzima. Nyumba hakuna aliyeijua. Zile za zamani zimeanguka, zimejengwa, zimeanguka tena, na namba zilizopigiliwa milangoni ni za juzi juzi. Mwishowe mzee mmoja akanishauri niende bomani, kwa sababu Mjerumani alikuwa hajengi choo asikichore kwanza.

Karani wa viwanja alikuwa kijana wa Kishambaa aitwaye Eliudi, Mlutheri wa upande wa Lushoto, ana miwani na tabia njema. Nilijiandaa kugombana naye, hakunipa nafasi. Alinikalisha kwenye benchi, akasikiliza habari zangu zote, akaingia chumba cha nyuma akatoka na ramani kubwa iliyobandikwa kwenye kitambaa, imekuwa ya manjano na pembeni panya wameonja. Mitaa yote ya Ngamiani ilikuwa humo, kila kiwanja kimeandikwa jina la mwenyewe kwa wino wa Mjerumani. Akatembeza kidole. Akasoma majina taratibu, na jina la Mwinyijuma lilipotoka kinywani mwake nilitaka kumbusu mkono.

Akaniambia huyu mtu alikuwa na uwezo kidogo, maana kiwanja chake kimepasua kutoka barabara hii mpaka ile. Nyumba moja, baraza lake Barabara ya Nane, na ua wake unatokea Barabara ya Tisa. Kisha akaweka ncha ya kalamu juu ya kiduara kidogo kilichochorwa katikati ya ua.

"Na hiki ni kisima, mama. Hakuna kingine katika mstari huu wote."

Nilisikia masikio yangu yanaziba. Eliudi akaniuliza kama nataka maji, nikamwambia ndiyo, nikayashika yale maji bila kuyanywa.

Bi Asmahani, ukimgusa kidogo tu kuhusu zamani, husema: Msafiri nilimzaa na kumlea nyumba ya kisima, Barabara ya Tisa. Nimelisikia neno hilo mpaka nikawa silisikii tena. Sasa elewa mambo ya kwetu. Mwanamume akikuelekeza nyumba atakutajia baraza, maana ndipo anapokaa, anapocheza bao, anapopokea watu wake. Mwanamke atakutajia mlango wa uani, maana ndimo anamoingilia na mtungi wake, ndimo shoga yake anamobishia hodi, ndimo anamoazimia moto. Baba yangu fundi alisema Barabara ya Nane kwa kuwa cherehani yake ilikuwa barazani. Bi Asmahani alisema Barabara ya Tisa kwa kuwa sidhani kama aliwahi kupita mlango wa mbele hata siku moja. Na mimi miaka yote ile nikasikia nyumba mbili, na nyumba ilikuwa moja.

Watoto wawili wachanga katika ua mmoja, mwaka mmoja. Msafiri amenizidi miezi michache tu. Na mwenye ziwa la kunyonyesha mtoto wa watu alikuwa mle mle ndani.

Sijui kama ni lazima nikueleze. Kwetu sisi, mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake, mara tano za kushiba, kabla hajatimiza miaka miwili, basi yule mwanamke ni mama yake, na kila aliyenyonya ziwa lile ni ndugu yake. Ni ndugu kabisa, wa kuharamishiana ndoa. Ndiyo maana mwanamke wa pwani akimpa ziwa mtoto wa jirani hutangaza mpaka mtaa wa pili, ili wasije wakaoana hapo mbele bila kujua. Lakini mwaka ule wa mizinga mtaa wa pili ulikuwa mtupu. Watu walikuwa porini na magodoro yao. Bi Kidawa angemtangazia nani?

Nilitoka bomani nikakaa kwenye ngazi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Huenda nimeolewa na kaka yangu. Nililisema hivyo hivyo moyoni, bila kulifunika, nikaona aibu hata kwa wapita njia ambao hawakunisikia.

Nyumbani nilipika wali ukaungua. Nilimtazama Sabiha akishona ushanga, ana pua ya baba yake na nyusi zangu, nikageuza uso. Msafiri aliporudi sikusema habari za mbuzi. Akasimama mlangoni akingoja, kisha akaniuliza kuna msiba wapi. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Usiku nikachukua mto wangu nikahamia chumba cha Bi Asmahani, nikisema miguu yake inataka mtu wa karibu. Maskini Msafiri hakubisha. Kesho yake aliniletea dawa ya kichwa kutoka dukani na chungwa, akaviweka kizingitini kama mtu anayemletea mgonjwa wa ndui. Nililia ndani ya kanga. Mkono wake ukigusa wangu wakati wa kupokea sahani nilikuwa nautoa upesi, nikiogopa ni dhambi, halafu naogopa ameona.

Na kulikuwa na jambo lililonitisha zaidi. Bi Asmahani ndiye aliyenichagua. Ama hakujua kwamba binti wa Pangani ndiye yule mtoto wa uani kwake, na hapo siku akijua atakufa kwa fedheha. Ama alijua. Nilikuwa nalala karibu naye namsikiliza akipumua, nikimwogopa kikongwe ambaye hata kugeuka hawezi mpaka nimsaidie.

Nikaenda kwa Maalim Sadalla. Nikamwambia kuna mwanamke wa Pangani, jina lake sikulitaja, ana shaka kwamba yeye na mumewe walinyonya ziwa moja. Maalim akafikiri, akavuta ndevu. Akasema shaka haivunji ndoa, akae na mumewe kwa amani. Ila yakini ikija, hawakai pamoja hata saa moja. Watoto hawana lawama, ni wa baba yao na watamrithi, lakini wale wawili tena ni ndugu, na watakutana kama ndugu mpaka kufa kwao. Nilitaka kuondoka akaniita. Akaniambia nimwambie huyo mwanamke wa Pangani asichimbe kama hakulazimishwa.

Nikasema nitamwambia.

Mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi ndivyo nilivyo, nikiona chungu kimefunikwa lazima nifunue, hata mvuke uniunguze. Na nilijiuliza, nitaishije? Nirudi chumbani kwa Msafiri, nizime taa, na kila usiku nijilaze na ile shaka katikati yetu? Afadhali nijue, nikatwe mara moja. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilikuwa na tumaini dogo, kwamba huko Moa nitakuta mtu atakayeniambia, wewe mama umechanganyikiwa, yule mvulana hakuwa na haja ya ziwa la mtu, mama yake alikuwa na maziwa ya kujaza ndoo.

Nilimwambia Msafiri nakwenda kuhani msiba Moa. Akaniambia nivae viatu vizuri. Nikapanda basi la njia ya Horohoro, nikashuka njia panda, nikaendelea kwa miguu katikati ya mashamba ya mihogo. Kila niliyekutana naye niliomba asijue jina la Bi Kidawa. Wa kwanza niliyemuuliza alilijua.

Bi Kidawa mwenyewe alishatangulia mbele ya haki. Nilimkuta bintiye, Bi Mwanatumu, mwanamke mzima mwenye mvi, anamenya mihogo uani. Nilipomweleza mimi ni nani aliangusha kisu akanikumbatia, akanishika mashavu kama mtoto. Akasema mimi ni dada yake, na ilikuwa kweli, ni dada yangu wa ziwa. Alikuwa msichana mdogo wakati ule, lakini alikumbuka ua, kisima na kamba yake, fundi na cherehani barazani. Alikumbuka kwamba mama yake alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, maziwa yamemjaa yanamtesa, na mama yangu alikuwa mgonjwa wa uzazi, hana tone. Basi nikapewa mimi siku ile ile niliyozaliwa. Jina la mama yangu hakulijua, walikuwa wakimwita mke wa fundi tu.

Nikamuuliza kama mle uani kulikuwa na mtoto mwingine. Niliuliza huku nikishika muhogo nijifanye namsaidia kumenya.

Alikuwepo, akasema. Mvulana. Mama yake alikuwa mwanamke mkali, mweusi mzuri, mumewe amechukuliwa na Mjerumani kubeba mizigo. Mizinga ilipoanza kulia wengi walikimbia, wao wakabaki kwa sababu mke wa fundi hakuweza kubebwa. Na yule mwanamke mkali, kwa fadhaa, maziwa yakamkatika, na mvulana akawa analia mchana kutwa. Bi Mwanatumu alisema sauti ile hajaisahau, ilianza kama mtoto ikaishia kama mlango mbovu. Mama yake alikuwa akisema, niletee nimpe, ninayo ya wawili.

"Akampa?" nikauliza.

Hakuona mwisho wake. Baba yake alikuja na ngalawa akamchukua yeye kumleta Moa, mama yake akabaki mjini na mimi. Lakini akanitazama, akashangaa kwa nini naulizia jambo ambalo jibu lake liko wazi. Mwanamke gani atamwacha mtoto afe na ziwa lipo?

"Yule mvulana aliishi?" akaniuliza.

"Yu hai."

"Basi alinyonya, mdogo wangu. Asingenyonya angekuwa kaburini."

Akaendelea kumenya mihogo. Mimi niliona ua wote unakuwa mweupe. Akanipikia, nikala, sijui nilikula nini. Aliponisindikiza aliniambia nimlete mume wangu amwone shemeji yake, nikamwambia inshallah, na miguu ikanipeleka njia panda yenyewe.

Ndani ya basi niliwaza jinsi ya kusema. Nitamwambia Msafiri leo leo, akirudi kazini, kabla hajavua viatu. Nitamwambia mbele ya mama yake. Kisha nitafunga vitu vyangu, nitarudi Pangani, nyumba ya shangazi ingawa imeshaezuliwa. Na Sabiha? Wale wa Chumbageni walitaka ukoo, basi wataupata, tena watausimulia mpaka Mombasa. Kila basi lilipopunguza mwendo nilishukuru, na liliposhika kasi nilijishikilia kiti cha mbele. Nikaanza kufikiri upuuzi, kwamba nani atamfulia zile nguo za grisi, yeye mwenyewe hawezi, anazipaka sabuni juu juu tu.

Nilifika alasiri. Bi Asmahani alikuwa kitandani macho wazi. Nikachukua mafuta ya nazi nikakaa kuikanda miguu yake, kwa kuwa sikuwa na ujasiri wa kusema mikono ikiwa mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Moa hakuna msiba," akasema. "Ungekuwepo tungesikia. Nangoja uniulize tangu siku ulipohamia humu na mto wako."

Mikono yangu ilisimama. Nikamuuliza kwa sauti ambayo sikuijua kama ni yangu. Nikamwambia nimeona nyumba ya kisima kwenye ramani ya Mjerumani, nimeona milango yake miwili, nimefika kwa binti wa Bi Kidawa na amenieleza yote. Nikamwambia nataka neno moja tu. Msafiri alinyonya kwa Bi Kidawa, au hakunyonya?

"Mwanatumu alikwambia nini?"

"Kwamba lazima alinyonya. Kwa kuwa yu hai."

Bi Asmahani akafumba macho. Nikadhani ananificha, nikataka kumtikisa. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Hakunyonya," akasema. "Hata tone."

Halafu akanisimulia, akitazama dari. Maziwa yalimkatika siku ya pili ya mizinga. Bi Kidawa alimjia na ziwa nje, analia, anamwambia nipe mtoto mwenzangu, nipe. Akamkatalia. Bi Kidawa akapiga magoti. Akamkatalia. Bi Kidawa akaghadhibika, maana hakuna tusi kubwa kama kukataliwa ziwa lako na mtoto ana njaa, akamwita mchawi anayetaka kumla mwanawe, na wachache waliobaki mtaani wakaamini. Basi akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, akakaza. Hakumshusha. Alilala ameketi, mgongo kauelekeza kwenye ukuta wa kisima na mtoto katikati, ili akisinzia asije mtu mwenye huruma akamchukua kumnyonyesha. Alikwenda naye mashambani risasi zinalia, kumtafuta mwenye mbuzi. Huku huku Nguvumali, kulipokuwa pori, akampata mzee wa Kidigo aliyeficha mbuzi wake kichakani, akamwangukia miguuni. Maziwa ya mbuzi na maji ya uji, kwa kijiko, tena siku nyingine hakuna hata hayo.

"Kwa nini, mama?" nikasema. "Ziwa lilikuwepo."

"Wewe ulikuwa umeshanyonya."

Sikuelewa. Akageuza uso akanitazama, na mara ya kwanza tangu nimjue niliona anaogopa.

"Mama yako aliitwa Ruthi," akasema. "Mbondei wa upande wa Magila. Alimfuata baba yako, akasilimu, kwao wakamfuta. Alikufa mkono wake umo mkononi mwangu. Akaniambia, Asmahani, binti yangu hana mtu. Nikamwambia anaye, ana mume, huyu hapa. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, Mboni. Nyumba si yangu, mume wangu kachukuliwa. Nilikuwa na mtoto tu, nikampa mtoto. Akafa na neno langu. Ningelirudisha wapi?"

Na baada ya kumzika ndipo maziwa yake yakakauka. Ziwa lililokuwepo lilikuwa langu, na kama mwanawe angeliguswa nalo, nisingekuwa na mume wala mama yangu asingekuwa na ahadi.

Nilimuuliza, na kama angekufa? Akasema hilo ndilo aliloliogopa kila pumzi ya mtoto ilipokawia, kwamba amemuua mwanawe kwa neno alilompa maiti, na kwamba Siku ya Kiyama atasimama na kitoto kimekauka mikononi na hatakuwa na la kusema. Akasema hajaacha kuogopa mpaka leo. Anaogopa siku Msafiri atakapojua kwamba alilia mpaka sauti ikamkauka na ziwa likiwa hatua chache kutoka kinywani mwake, na aliyemnyima ni mama yake.

"Miguu yake unaiona," akasema. "Ni njaa ile na kanga zile."

Nikainamisha kichwa. Nilitaka kusema kitu kuhusu mbuzi, kuhusu miaka yote ya mlango ule na salamu yangu ile, sikuweza. Yeye akanisaidia. Akasema siku ya kwanza aliponisikia nikimcheka miguu alitaka kunitia kofi, kisha akamsikia Msafiri anacheka, akaona angalau ile miguu imepata kazi nzuri.

"Hao wa Chumbageni wakirudi kukuuliza watu wa upande wa mama yako," akasema, "waambie ni mimi. Waje waniulize hapa kitandani."

Nikaweka uso wangu juu ya miguu yake yenye mafuta, nikalia kwa sauti, bila aibu, woga wote uliojaa kifuani tangu bomani unatoka. Mkono wake ulitua kichwani pangu, ukabaki pale.

Ndipo baiskeli ya Msafiri ikasikika inaegemezwa ukutani. Nilijifuta kwa kanga. Alikuja mpaka mlango wa chumba, akasimama, grisi mpaka viwiko, miguu yake vile vile, akangoja. Nilifungua kinywa. Ile salamu ya mbuzi haikutoka. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, uso ukaanza kumbadilika.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," Bi Asmahani akamjibu kutoka kitandani. "Ingia, mwanangu."